Sarafu ya Lifti

Filamu yako ya kwanza, Lamzira, ilikuwa na ukungu.
Tuliukodi, mashine na mwenye mashine, kwa pesa ya pango,
nao ukakataa kukaa pale ulipoambiwa,
ukapanda ngazi hadi orofa ya tatu,
majirani wakaita zimamoto.

Dakika kumi na mbili. Mazishi mawili.
Msichana anakimbia, hatujui anamkimbia nani,
fidla nne zinalia kwa niaba yake
kwa kuwa mwenyewe hukumwachia nafasi ya kulia.
Mimi nilishika mti wa maikrofoni
mikono ikitetemeka kama ya mwizi wa mara ya kwanza,
na kivuli chake, kirefu, cheusi,
kikapita katikati ya paji la uso la mama mfiwa.
Ukasema: watadhani ni ishara.
Hakuna aliyeona ishara. Waliona mti.

Mwalimu Guram alitazama mpaka mwisho, akavua miwani,
akaifuta, akaivaa, akauliza swali moja tu:
"Huyu msichana anaishi orofa ya ngapi?"
Hukujua.
Sote watano hatukujua. Tulimuua babake
bila kujua anapolala.

Usiku ule ulilia mbele ya lifti ya kwenu, Gldani,
lifti ile inayokula sarafu:
bila tetri ishirini haipandi, hata ukiilalia mlango.
Ulipekua mifuko. Nami nikapekua yangu.
Tukapanda kwa miguu, orofa kumi na moja, na kamera,
na kati ya ya saba na ya nane ukanyamaza,
ukaanza kusikiliza.
Mimi ndiye mtu wa sauti. Najua mtu anaposikiliza:
shingo huwa ndefu kidogo.

Sitasema ulibadilika. Mwaka wa pili ulitengeneza
ile ya mbwa, na tuiache ya mbwa.
Kisha ile ya kinyozi, yenye dakika moja nzuri,
pale unywele unapoanguka juu ya gazeti
na mteja anausoma pamoja na habari.
Dakika moja. Uliishi nayo miezi minane.

Ulijifunza kufuta. Nilikuona saa tisa usiku
ukikata machweo uliyoyangojea siku tatu kilimani
kwa baridi, kwa homa, kwa mkate mkavu;
uliyakata kama amng'oaye mtoto jino,
haraka, ukitazama pembeni.

Na sasa hii.
Bibi Tsiala wa orofa ya tisa ana kopo la kahawa
limejaa sarafu. Kila asubuhi
anasimama penye lifti, anawalipia watoto wa shule.
Ndiyo hadithi yote.
Kamera haitembei. Imesimama kando ya mlango
kama jirani mwenye adabu.
Sarafu inaingia. Lifti inawaza. Lifti inakubali.
Mtoto wa sita hasemi asante,
na uso wa bibi, ambao zamani ungeusogelea
mpaka tuhesabu kope, ungeuletea fidla,
umeuacha mbali, nusu gizani,
tukabaki na mlio wa kopo
likitikiswa, kupima kilichobaki.

Mlio ule niliunasa mimi. Mara kumi na tisa.
Ya kumi na tisa bibi alikuwa ametuchoka,
akalitikisa kwa hasira, na hiyo ndiyo.
Mikono yangu haikutetemeka.
Au ilitetemeka, ila siku hizi najua
pa kusimama nje ya fremu.

Taa za ukumbi zilipowaka hawakupiga makofi mara moja.
Mwalimu Guram hakugusa miwani.
Kule nyuma mtu alijipapasa mfuko,
nikasikia, mimi ndiye mtu wa sauti,
chuma kidogo kikigonga chuma.

Tulirudi Gldani. Safari hii ulikuwa na tetri ishirini.
Ukasema mwisho bado ni mrefu, kwa sekunde nne.
Nikasema tatu.
Tukabishana hadi orofa ya kumi na moja,
mlango ukafunguka, ukajifunga,
nasi bado tumo ndani.