Moja

Kila miezi mitatu, kabla lami haijashika moto,
tunatoka Ibra, mama kiti cha mbele,
dele la kahawa kati ya miguu,
Kiswahili chetu kimejaa gari hadi Maskati.

Nesi Lisi, mtoto wa Kerala, hutafuta mshipa
mkono wa kulia tu. Wa kushoto, upande uliokatwa,
haudungwi, haupimwi presha.
"Mama, funga ngumi."
Kijiko kimoja na nusu cha damu,
kinapelekwa chumba cha ndani
ambako Mundhir, kijana wa miwani,
hutega sumaku
kunasa chembe isiyo ya humo.

"Kama kuchambua mchele?" mama alimuuliza siku ya kwanza.
"Mchele wa nchi nzima, mama. Natafuta punje ya mtama."
Mama hakuridhika. Njiani akaniambia:
"Marehemu baba yako hakuogopa kwekwe aliyoiona.
Aliogopa mbegu iliyokwishaingia falaji,
imetoka shamba la juu, inateremka na maji matamu,
inatafuta pa kushukia."

Tisa, mara ya kwanza.
Baada ya dawa nne, na nywele zimekwenda.
Kisha sifuri: sifuri ya Kiarabu,
kinukta tu kwenye karatasi, kama tundu la sindano.
Jirani walipiga vigelegele.
Mama aliikunja karatasi, akaitia chini ya mto,
hakusema kitu.

Leo kinukta kimesimama.
Mstari mmoja, wima, kama mtu mlangoni.
Daktari anazungusha kalamu:
moja haihukumu, tutatazama, tutapima tena.
Nami, mdomo mwepesi: "Moja, mama, moja si kitu."

Akanigeukia, mtandio umemteleza,
nywele mpya fupi kama za mtoto wa arobaini.
"Mimi nilishuka uwanja wa Sib mwaka sabini na tano
peke yangu, na sanduku moja,
na Kiarabu cha kusalia tu.
Leo siku ya Idi sufuria hazitutoshi.
Usiniambie mimi
moja si kitu."

Akauliza tarehe. Akauliza kama Lisi atakuwepo,
maana mkono wake hauumi.

Bidbid tulitia petroli. Alitaka chapati ya jibini,
akala nusu.
Kwenye bonde la Aqq nikasema, kuvunja kimya tu,
tazama, mwaka huu mawe matupu.
"Maji yapo," akasema, macho dirishani.
"Yanapita chini."