Kivuli cha Saa Kumi na Moja

Dola mia na hamsini, saa ya kwanza,
na alikuwa hajachora hata mstari.
Aliegesha gari kando ya uzio wangu,
akashuka na kipimo kinachopima kwa mwanga mwekundu,
akakielekeza ukutani, chap, namba ikatoka.
Mimi naiangalia saa ya jikoni
kama abiria wa teksi iliyokwama kwenye foleni.

Jina lake Maribeth Oakley.
Buti zake zina vumbi la nyua za watu wengine.
Aliinama, akachota udongo wangu kiganjani,
akautemea mate, akaufinyanga,
akasema, "Chini ya hapa pana tabaka gumu kama saruji."
Nikasema, najua. Mume wangu Refugio
alivunja mipini miwili ya sururu papo hapo
mwaka ule alipotaka nyasi.

Nyasi! Tucson! Jangwani!
Alizimwagilia usiku kama anayemnywesha mgonjwa,
na bili za maji tulizificha chini ya kitambaa cha meza.
Alikufa Aprili. Nyasi zikamfuata Juni.
Sikuzilaumu.

Wiki ya pili yakaja makadirio, kurasa nne:
mchoro, elfu mbili na mia nane;
kusimamia mafundi, asilimia kumi na tano ya yote;
mawe ya Bisbee, kwa tani
(baba yangu aliyavunja mawe yale yale kwa ujira wa kutwa);
mabomba ya matone;
taa sita za kumulika mipungate,
utadhani mpungate unaogopa giza.
Jumla: elfu thelathini na moja, mia nne.

Nikashusha kopo la biskuti lenye hati ya nyumba.
Mwaka sabini na nne, nyumba nzima,
vyumba vitatu, paa, milango, na mbingu yake juu,
tuliinunua elfu kumi na tisa na nusu.
Leo ua umeizidi nyumba bei,
mkia umemshinda ng'ombe.

Binti yangu Yesenia, kwenye simu: "Mama, rahisi ghali."
Mpwa wangu Chuy: "Shangazi, nipe mia nne na Jumamosi moja,
nikumwagie changarawe, mchezo uishe."
Niliwasikiliza wote wawili.
Kila mtu ana akili
akihesabu pesa zisizo zake.

Nikampigia Maribeth kumwambia hapana.
Maneno nilikuwa nimeyapanga vizuri, na asante mwishoni.
Akaniwahi:
"Jioni huwa unakaa wapi?"

Nikanyamaza.
Jioni nakaa chumba cha kufulia,
juu ya ndoo iliyopinduliwa, ubavuni mwa mashine,
kwa sababu ukuta wa magharibi unawaka mpaka saa mbili usiku,
na sebuleni kiti chake bado kinaitazama televisheni.
La kiti sikumwambia.
Nilisema ndoo.

Akaja tena. Safari hii hakupima.
Tulisimama uani, saa kumi na moja, Juni,
jasho likitutiririka mgongoni kama watu waliokosa haya,
mpaka kivuli cha nguzo ya umeme kikagusa dirisha.
Akachomeka kijiti.
"Hapa. Mti mmoja.
Mengine yangoje, au yasije kabisa."

Nimelipia mchoro, kwa awamu saba. Upo kwenye friji,
njia za mawe ambazo sitazikanyaga,
taa ambazo hazitawaka.
Mti ni paloverde, gome kijani, mwembamba kama kidole,
dola mia tatu na arobaini.
Chuy alichimba shimo. Mpini wa tatu ukavunjika.

Watasema nimeliwa:
elfu tatu na ushee, karatasi na kijiti!
Kuna siku nami nasema hivyo,
hasa tarehe ya malipo.

Jana kivuli chake kilikuwa na ukubwa wa sahani.
Nikaitoa ndoo nje, nikakaa,
nikaweka mguu mmoja ndani yake.
Wa pili ukangoja zamu.