Daftari la Mafuta ya Taa

Umerudi na fomu nyingine, karani.
Haya, andika tena: Limi. Herufi nne, usizitafutie ya tano.
Kwetu Usukumani Limi ni jua;
mama alinizaa saa sita mchana,
hakujua kwamba nitalishwa na giza.

Kazi?
Hapo ndipo ulipocheka safari ile, nikakuona.
Kuuza mafuta ya taa.
Miaka ishirini na sita hapa Kome, kwa faneli hii hii
na kikombe cha bati kilichobonyea ubavu.
(Ule ubonyeo, wateja walinitania,
ndio ulionijengea nyumba.)

Nimewapimia watoto waliotumwa na chupa za dawa ya kikohozi,
nimewapimia wakaa matanga.
Nyanjige mkunga aliniamsha saa nane za usiku
kwa jiwe juu ya bati.
Wengine walilipa dagaa, wengine ahadi:
mwezi ukiingia gizani, mama, tukivua, nitakulipa.
Mikono yangu ilinuka sawasawa, harusini na msibani.
Mjukuu wangu alikataa nisimlishe.

Kisha Jumanne ile mkashuka kivukoni na makasha,
mkabandika karatasi mlangoni pa ofisi ya kijiji.
RUZUKU.
Watu walilisoma kwa sauti, kama jina la mgeni.
Bwire akauliza ina mwiba gani,
maana hata sato haji mezani bila mwiba.
Ukasema serikali nusu, mwananchi nusu,
kidogo kidogo kwa simu, miezi kumi na minane,
na asiyelipa, taa itajizima yenyewe.

Kimya.
Mimi na ukali wangu wote
sijapata kuwa na mafuta yanayomjua mdaiwa wake.

Wakanigeukia. Walitaka kuona
kama nitalia au nitakutukana.
Nilikuwa nakaza kifuniko cha dumu.
Nikatazama mapaa, bati kwa bati, mpaka kule vichanja vya dagaa vinapoishia,
na jua limekaa juu ya yote, halimchagui mtu,
halina kikombe cha kubonyea.

Nikapanga foleni. Wa nane, nyuma ya mwalimu.

Fundi wako, yule kijana wa Igogo mwenye soksi zisizofanana,
alitundika balbu palepale ilipokuwa ikining'inia koroboi,
chini ya doa la masizi, jeusi, la mviringo,
mwezi uliopatwa ndani ya nyumba yangu miaka yote hiyo.
Akasema, bonyeza mwenyewe, bibi.

Nilidhani nitafurahi kwanza.
Niliona utando wa buibui.
Niliona ukuta, kumbe una rangi.
Nikaona daftari la madeni, nikalifungua,
na mwandiko wangu wa gizani, umepinda kama kamba ya nanga,
ukasomeka.

Majura, chupa mbili.
Mke wa Majura, chupa moja, asijue mumewe.
Bituro, nusu lita: ziwa lilimchukua
kabla mwezi wake haujaingia gizani.
Nyanjige, robo, robo, robo, robo.
Hakulipa hata moja, nami sikudai;
nusu ya wanaodaiwa humu walizaliwa kwa robo hizo.

Sikufuta jina. Nilichukua kalamu,
na chini kabisa, mstari ukiwa umenyooka safari hii, nikaandika:
Limi. Anadaiwa taa tatu na waya wa kuchajia simu.
Anadaiwa na serikali, na jua, na Nyanjige.

Unauliza kama nimeridhika. Weka tiki.
Ila faneli sijaitupa, ipo msumarini.
Masika yakija na mawingu siku nne mfululizo
mtu atarusha jiwe juu ya bati,
nami nitaamka.
Kikombe nimekigonga kwa nyundo, kimenyooka.
Andika na hilo, kama lina kisanduku chake.