Kufuli la Baiskeli

Waliorodhesha vilivyokuwa kikapuni mwake:
chupa ya chai, bado ya moto,
miwani ya kusomea, mkono mmoja umefungwa plasta,
kamba ya katani, mita tatu, ya kuegemezea minyanya,
na kufuli la baiskeli.

Hapo kwenye kufuli kalamu ya konstebo ikasita.

"Hili la nini, mama?"
"La baiskeli."
"Na baiskeli iko wapi?"
Enid Barraclough, miaka sabini na mitatu,
mkunga mstaafu, magoti mabovu,
akanyoosha kidole: ile pale, ya kijani,
imeegemea ukuta wa benki, haikufungwa,
kwa kuwa kufuli lake unalo wewe.

Tulicheka. Kicheko nacho kikaandikwa:
saa nne na dakika kumi, kelele.

Sheria yao mpya nimeisoma, yote,
jikoni, usiku, penseli sikioni.
Inasema mtu akibeba kitu kiwezacho kumfunga
kwenye kitu kingine, au kwa mtu mwingine,
naye yumo njiani kwenda kulalamika,
basi amekwisha kosa kabla hajakosa.
Nikajiuliza: na mkono je?
Mkono wangu ulikuwa umemshika Enid
tangu mlangoni pa duka la mikate,
maana mawe ya mtaa yalilowa.

Tulitaka nini? Wodi ya wazazi isifungwe.
Basi.
Hatukuja kuangusha serikali,
tusingejua pa kuiweka ikishaanguka.
Tulitaka mwanamke aliyeshikwa na uchungu saa nane za usiku
asisafirishwe maili ishirini na mbili
juu ya milima ile ya Yorkshire, katika ukungu,
mumewe akiendesha huku analia.

Konstebo alikuwa kijana, masikio mekundu kwa baridi.
Sitasema Enid ndiye aliyempokea duniani,
ingawa ingependeza mno katika shairi.
Alizaliwa Leeds, alituambia mwenyewe.
Alikuwa ametumwa.
Alishika kufuli lile kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake
na hajui amrudishie nani.

Kuna wasemao sheria ni msumeno,
hukata mbele na nyuma.
Mimi Wilf Sugden nimekuwa seremala miaka arobaini na mmoja,
na msumeno naujua.
Meno yake yana upande.
Ukiusukuma, hukata; ukiuvuta, huteleza tu,
hutoa vumbi kidogo, hurudi kwa mwenyewe.
Nauliza basi, kwa adabu, kofia mkononi:
huu mpya umechongwa meno upande gani,
na mpini ameshika nani?
Maana wale waliofunga wodi walikaa kikao cha dakika ishirini,
na kikapu cha mtu hakikupekuliwa.

Baiskeli iliibwa mchana uleule.
Tulikwenda kituoni kuripoti, tukakuta mlango umefungwa
na karatasi ukutani: askari wote wako uwanjani.
Ndiyo. Uwanjani walikuwa wao,
wakiwalinda watu
dhidi yetu.

Kufuli sasa limo ndani ya mfuko wa plastiki,
lina namba, lina jalada, linasubiri hakimu
kama sisi.
Mimi hulala vibaya. Enid hulala vizuri,
ukunga ulimfundisha kusinzia katikati ya mayowe.
Jana alinionyesha ufunguo. Hawakuuulizia.
Mdogo, wa shaba, umelainika kwa vidole.
"Nao wafungua kitu," akasema,
"sijui kama huo ni upande mwingine wa kosa."
Akaurudisha mfukoni, pamoja na leso na peremende.

Jumamosi tunakwenda tena.
Kwa miguu.
Nitamshika mkono kuanzia duka la mikate,
mvua inyeshe, isinyeshe,
na atakayeuliza tumefungwa na nini
tutamwambia.