Kina cha Mtaro

Karatasi ilisema mita moja na robo.
Nyapara Amugune alitusomea kando ya lami, Chavakali,
akasimamisha fimbo aliyoichora alama nyekundu.
Kila mita ya urefu, shilingi mia mbili.
Kina hakilipwi. Kina ni imani.

Siku ya kwanza tulichimba kama watafuta maji.
Udongo wa juu mweusi, mlaini, wa maharagwe,
kisha mwekundu, ung'ang'aniao jembe kama mdai mlangoni,
kisha changarawe.
Nikisimama ndani, ukingo ulinifika kifuani,
na wanafunzi wakapita usawa wa macho yangu:
viatu, viatu, soksi, visigino vitupu.

Siku ya nne tukayafikia mawe ya Maragoli.
Wayajua mawe yale, makubwa kama nyumba;
yanayoonekana ni watoto tu, mama zao wako chini.
Sururu ililia. Mkono ukafa ganzi hadi begani.
Saa kumi mvua ikaja, kama ilivyo desturi yake,
nasi watu wanne tulikuwa na mita tatu.
Amugune akatazama mbingu, akatazama saa,
akaididimiza fimbo katika tope la mtaro
hadi alama nyekundu ikalingana na nyasi.
"Mmeona? Imefika."
Tukaona. Nani angekataa kuona?

Tukalaza mpira mweusi, mnene kama kidole gumba.
Ndani yake, walituambia, mna nyuzi za kioo
nyembamba kuliko unywele,
na ndani ya kioo mwanga,
na ndani ya mwanga watu.
Juu yake udongo, shubiri moja,
kisha utepe wa njano wenye maandishi ya onyo,
kisha udongo tena, kisha uongo wetu, tukaukanyaga ukashikana.

Rasoa Kageha alisimama langoni pake.
"Kinalala kina gani hicho?"
"Mita na robo, mama."
"Mume wangu nilimzika futi sita.
Kondo za wanangu ziko pale migombani, dhiraa moja.
Viazi vitamu, kiganja na kidole.
Kila kilicholala hapa nakijua kilipolala.
Hicho chenu, kama kina mwanga,
mbona mnakificha?"
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na njaa.

Machi, mvua ya kwanza, aliamka na jembe
kuongeza mstari wa maharagwe nje ya ua.
Akakutana na utepe. Akauvuta: mrefu, mzuri, haukatiki.
Akamfungia mbuzi.
Pigo lililofuata lilikwenda chini kidogo.

Hakuna kilicholia. Hapakuruka cheche.
Ila kule Mbale watu wa benki walitoka kusimama juani,
hospitalini daktari akabaki na picha ya pafu moja,
na mdogo wangu Egara, aliye Doha,
akaganda kwenye simu yangu, mdomo wazi,
katikati ya neno lililoanza na "ma".
Mama? Maji? Malipo?

Nilirudishwa kuchimba palepale. Mia mbili ileile.
Rasoa alikuwa ameketi kwenye saruji ya mumewe
akichambua mboga; mbuzi wake
alivaa neno HATARI shingoni, akitafuna.
Hakuniuliza. Nami sikusema.
Nikapima kwa mpini wa jembe:
chini ya viazi,
juu ya kondo.

Fundi alikaa ndani ya hema dogo akiunga kioo kwa kioo,
akanisihi nisipumue karibu.
Mimi nikarudi kwa jiwe. Nilipiga hadi giza.
Halikusogea. Nilipata sentimita kumi,
kumi tu, na hakuna aliyekuja na fimbo kuziona.

Usiku Egara akapiga.
Uso wake ulikuwa mzima, unasogea, umechoka.
Nikamwuliza, siku ile ulitaka kusema nini?
Akafikiri kidogo.
"Hata sikumbuki," akasema.