Jina la Jora

Kengele ya kwanza hulia saa kumi na nusu,
jogoo bado anajishauri.
Tunashuka ngazi za Bi Pettingill, wasichana ishirini na sita,
mkate mkononi, kamba za viatu zikiburura,
na mto Merrimack umeshaanza kazi chini ya sakafu.

Madirisha yamepigiliwa misumari.
Uzi hupenda unyevu, asema msimamizi,
uzi ukikauka hukatika.
Sisi tukikauka hatuandikwi daftarini.

Mitambo minne ni yangu.
Uzi ukiisha naweka mdomo kwenye tundu la kijiti,
nauvuta mpya kwa pumzi:
pamba, mafuta, mate ya aliyenitangulia.
Usiku nakohoa weupe
kama niliyemeza theluji ikakataa kuyeyuka.

Vitabu marufuku. Nimebandika ukurasa mmoja,
kwa gundi ya unga, kwenye fremu ya dirisha:
ramani ya Pasifiki.
Kati ya mshindio na mshindio
nasoma kisiwa kimoja.

Lovina, wa chumba cha kuchana pamba,
alikuta ganda lenye damu kavu
ndani ya robota lililotoka Alabama.
Tulilitazama.
Damu ya nani, hakuna aliyeuliza;
sote tulijua ni ya mtu asiyelipwa.
Kengele ikalia, tukarudi.

Chanda chema huvikwa pete.
Cha Achsah Dow kilivikwa gurudumu,
Jumanne, kabla ya chakula cha mchana.
Walifuta mtambo kwa kitambaa chetu wenyewe.

Dola moja na senti themanini kwa juma,
na sasa wanataka kupunguza.
Kaka yangu Jotham anasoma Kilatini;
kila kitenzi anachokinyambua
nimekifuma mimi.

Karani aliniambia majora haya huvuka bahari,
na huko yaendako watu huyaita
kwa jina la nchi yetu.
Nikacheka hadi nikakohoa.
Nchi gani hiyo, iliyowahi kuamka saa kumi na nusu?
Wangeniuliza mimi, ningesema:
liiteni Achsah.

Novemba nilikwenda nyumbani, New Hampshire.
Mama alisimama mlangoni, unga hadi viwikoni,
akasema neno. Niliona midomo tu.
Nikamsogelea sikioni, nimwambie ya kidole,
ya ganda, ya notisi ya mshahara,
taratibu, baba asisikie.

Akarudi nyuma hatua mbili.
Alilazimika kuniandikia kwa kidole, kwenye unga mezani:
*Tryphena, mbona unapiga kelele?*