Swali la Jerida

Chavakali, siku ya soko.
Nimekalia kreti la soda, daftari magotini,
namtazama Jerida Kageha akiitazama simu yake
kama mtu anayekagua noti ya elfu juani.

Nilikuja kuhesabu makosa yake.
Ndivyo karatasi ilivyochapishwa ofisini Kisumu:
MAKOSA YA MTUMIAJI, safu ya tatu,
na kijisanduku cha kutia alama.

Ujumbe wangu ukatokea, nilioushona wiki mbili:
CHETI CHA TOVUTI HII HAKIJATHIBITISHWA.
Akacheka. "Cheti? Cha ubatizo kiko kwa mama mkwe.
Kile kingine kililiwa na mchwa."
Kisha kidole chenye utomvu wa ndizi
kikaenda moja kwa moja kwenye kitufe cha kijani, ENDELEA,
kipana kama mlango wa kanisa.
RUDI nilikuwa nimekipaka kijivu,
kimejibanza pembeni
kama mtoto aliyetumwa nyumbani karo.

Sikutia alama.

Nikauliza nambari yake ya siri huificha wapi.
Akafunua mkebe wa chenji: tarakimu nne,
kalamu imefifia, upande wa ndani wa kifuniko.
"Mjukuu anaijua. Muhonja hapo jirani anaijua.
Nikilazwa Mbale, nani atanitolea pesa ya dawa?"
Na mimi niliyeandika USIMWAMBIE MTU YEYOTE
sikuwahi kuwaza kitanda cha hospitali.

Mvua ya saa nane ikaanza kubisha mabati.
Akavuta turubai, akanisogezea nafasi,
akauliza bila hasira, kama anayeuliza bei:
"Wewe ulijua ni mwizi?"
Nikasema, mitambo ilishuku.
"Sasa mbona hukusema mwizi?"

Sisi tumesomea kufuli,
hesabu ndefu za siri zinazokesha bila kusinzia,
na kufuli letu halivunjiki, naapa.
Ila huyu havunji. Hupiga hodi kwa sauti ya benki,
na mlango wa kijani nimemjengea mimi.

Usiku huu nimeifuta safu ya tatu.
Nimeandika: Huenda huyu ni mwizi. Usimpe nambari yako.
RUDI ndicho kikubwa sasa.
Kesho mwanasheria atasema "mwizi" ni neno zito,
nami nitamwambia aende Chavakali akaliinue.

Mkobani mna maparachichi manne aliyonifungia kwa gazeti.
Moja limeanza kulainika,
na lile la kitanda
bado sijalipatia jibu.